Rimu za 17 kwa Demio ya kwenda Vihiga: nichukue ama niache?

SWALI

Fundi, habari ya kazi. Mimi naishi hapa Mamboleo Kisumu, niko na Mazda Demio, ile shepu ya 2008, injini ya 1.3, otomatiki. Gari imenitumikia vizuri sana sina lalamiko, shida ni tairi. Ilikuja na 175/65R14 juu ya rimu za chuma na vile vifuniko vya plastiki, viwili vilishaangukia njiani na kimoja nimefunga na waya. Sasa tairi zimeisha, fundi wa pancha ameniambia wazi hizi hazivuki mvua ya Aprili, kwa hivo pesa lazima itoke. Nikasema ju pesa inatoka tu, wacha itoke mara moja niweke rimu za maana gari ipendeze, si hata mimi nataka kushuka kwa gari nigeuke niiangalie.

Nilienda duka moja hapa tao, kijana akanitolea seti ya 17, nyeusi, spoku nyembamba, imeshavalishwa tairi za 205/45R17. Aki ni safi. Nyuma ya rimu nimeona imeandikwa 17x7J ET35 alafu iko na matundu manane, akaniambia hiyo inaingia gari yoyote ya nati nne. Seti nzima elfu 85 na anachukua zangu za zamani kama sehemu ya bei. Nikamuuliza, haitagusa? Akasema ikigusa ndani tunaweka spesa, yaani kipande cha chuma cha kusukuma rimu nje, ikigusa nje tunakata ile plastiki ya madigadi kidogo, eti watu wote hufanya hivo.

Nikarudi nyumbani nikamweleza shemeji yangu, ndugu ya mama watoto, yeye anaendesha teksi ya Premio. Akasema achana kabisa na hio 17, tafuta rimu za 15 uweke 195/65R15 kama zake, ziko kila duka, hazikuumizi bei, na gari itainuka. Hapo kwa kuinuka ndio alinipata. Kwetu ni Vihiga, ukifika Mbale unaingia ndani, lami inaisha, inabaki maramu na mawe, na karibu na boma kuna mahali maji yamekula barabara katikati. Tukienda tunajaa, mimi, mama Tasha, watoto wawili na mara nyingi dada yake. Tukirudi ndio kibarua, mama yangu anajaza buti mahindi, viazi vitamu, mkungu wa ndizi, na si mtu wa kukatazwa. Gari inagusa chini mpaka roho inauma.

Mama Tasha yeye amesema kama hizo rimu zitafanya watoto warushwe huko nyuma kama viazi hatapanda hio gari. Kijana wa duka ananipigia simu anasema kuna mteja mwingine anaitaka hio seti. Nifanye nini fundi? Na hizo nambari za J na ET nielezee kama mtu hajui, ju sijui.

Baba Tasha, Mamboleo

JIBU

Baba Tasha, asante kwa kuandika nambari zote, hio pekee imenisaidia sana, watu wengi wanauliza tu nataka rimu kubwa na hawasemi gari iko na nini saa hii. Wacha nikujibu kabla nieleze: hizo za 17 usichukue, na za shemeji pia usichukue. Weka rimu za 15, upana 6J, na tairi za 185/60R15. Huyo mteja mwingine mwache achukue.

Sasa nambari. Pale kwa tairi yako 175 ni upana kwa milimita, 65 ni urefu wa ukuta wa tairi ukihesabiwa kama asilimia ya huo upana, na 14 ni inchi za rimu. Kwa hivo ukuta wako ni 175 mara 0.65, inakuja kama milimita 114. Ziko mbili, juu na chini, hio ni 227 na nusu, ongeza rimu ambayo ni 14 mara 25.4, unapata tairi yako ikisimama ina kimo cha milimita 583. Hii 583 ndio nambari ya kwanza ya kuchunga kabla hata hujaangalia rangi ya rimu, kwa sababu mazda walipima kila kitu kwa hio, spidomita, gia, breki, nafasi ya kukata kona, nafasi ya shoki kushuka na kupanda. Chukua simu fungua kikokotoo ufanye hesabu hio hio kwa zile ulizoambiwa. 205/45R17 inakuja 616. Ya shemeji, 195/65R15, inakuja 634 na nusu. Umeona sasa? Ile ya 15 ndio kubwa kuliko ya 17! Watu wanaangalia nambari ya mwisho pekee yake wanadhani 15 ni kitu kidogo.

Shemeji yako hajakudanganya, hizo 195/65R15 ndizo saizi ya Premio kutoka kiwandani na ndio maana ziko kila duka. Lakini Premio ni gari ingine, nafasi ya ndani ya madigadi ni ingine. Kwako wewe hio ni zaidi ya milimita 51 juu ya ile yako, karibu asilimia 9. Na hizo 51 hazigeuki zote kuwa urefu wa gari, nusu ndio inainua gari, kama sentimita mbili na nusu hivi, na ile nusu ingine inapanda juu ndani ya madigadi, yaani ile nafasi tairi ilikuwa inapumulia ndio umeijaza. Gari ikiwa tupu utaona iko sawa kabisa, utapiga picha utume. Alafu siku mko watano na buti imejaa viazi, unaingia shimo huko ndani ya Mbale, shoki inashuka, tairi inapanda inakula madigadi, unaskia harufu ya raba. Mbele ukikata kona yote inakwaruza plastiki. Kwa hivo ule urefu uliotafuta kwa ajili ya mzigo unapotea siku ya mzigo.

Na si kugusa tu. Tairi ikiwa kubwa hivo, spidomita inakudanganya, dashibodi inasema 100 na wewe uko karibu 109, inasema 50 na uko 54, polisi wa kamera hataki kujua habari ya tairi. Kilomita pia zinahesabiwa chache kuliko zile umetembea, ukipima mafuta utadhani gari imeanza kunywa vibaya na utamsumbua fundi bure. Alafu hio injini yako ya 1.3 ni kama umeifungia gia ndefu. Wewe ukienda kwenu unapanda mlima wa Riat kutoka Mamboleo unaelekea Kiboswa, unajua vile hapo gari ndogo inalia ikiwa na watu. Weka tairi nzito na ndefu uone vile otomatiki itakuwa inashusha gia na kupandisha, inashusha na kupandisha, mpaka ufike Majengo.

Kanuni yenye mafundi wengi wanafuata ni kwamba kimo kisitoke asilimia 3 hivi juu ama chini ya ile ya kiwanda. Hizo za 17 ziko 5.7 juu, za shemeji 8.8. Mimi nakupatia 185/60R15 ambayo ni 603, hio ni 3.4, iko pale kwa mpaka juu kidogo na nakueleza kwa nini naikubali kwako. Spidomita nyingi zinatoka kiwandani zikisoma juu kidogo ya ukweli, kwa hivo hizo 3.4 zinaelekea kukuletea ukweli kuliko kukuharibia. Gari inapanda sentimita moja. Na ukuta wa tairi unabaki milimita 111, unapoteza kama 3 tu kwa zile 114 za sasa. Hio ya ukuta ndio nataka ushike sana.

Ju huo ukuta ndio unakutana na jiwe kabla ya rimu. Kwa maramu ya kwenu, kitu kinalinda rimu, shoki, beringi na mgongo wa watoto huko nyuma ni huo ukuta wa raba wenye hewa ndani. Zile 17 ziko na ukuta wa milimita 92, umeondoa zaidi ya sentimita mbili ya godoro na bado unaenda njia ile ile. Kuna watu wanaendesha 17 kwa gari ndogo na wanafurahia, lakini uliza wanaendesha wapi, kama ni lami nzuri nyumbani mpaka kazini hakuna neno. Wewe ukipiga lile shimo la maji na mzigo, rimu ya aloi inabonyea ama inapata ufa kwa ndani, hewa inatoka polepole, unaongeza presha kila asubuhi ukidhani ni valvu. Ama tairi yenyewe inafura ubavuni, na tairi ikishafura hakuna kuziba, ni kutupa. Mama Tasha aliongea ukweli wa barabara bila kujua nambari hata moja, umwambie fundi amesema hivo.

Haya J na ET. Nambari iliyo mbele ya J ni upana wa rimu kwa inchi, 7J ni rimu ya inchi 7. ET ndio ofseti, ni umbali wa milimita kutoka katikati ya upana wa rimu mpaka ule uso wa rimu unakaa kwa habu, ile sehemu ya gari rimu inafungiwa. Nambari ikiwa kubwa rimu inaingia ndani zaidi, ikiwa ndogo rimu inatoka nje. Ukitoa tairi moja uigeuze utaona nyuma ya rimu yako ya chuma imeandikwa, isafishe na brashi usome mwenyewe. Tuseme kwa mfano umepata 5½J ET45. Ile ya duka ni 7J ET35. Inchi moja na nusu ya upana ni milimita 38, zinagawanyika 19 kila upande. Alafu ofseti imetoka 45 ikaja 35, hio inasukuma rimu yote nje milimita 10. Jumla, ukingo wa nje unatoka milimita 29 kupita ule wa sasa, na ukingo wa ndani unaingia 9 kuelekea shoki. Milimita 29 nje kwa Demio ni tairi inachungulia nje ya bodi. Inarusha mawe na matope kwa milango, na gari ikibonyea ule mdomo wa chuma wa madigadi unashuka juu ya tairi. Beringi nayo ilizoea kubeba uzito karibu na habu, sasa inabeba kwa mkono mrefu, inaanza kulia mapema. Stering inakuwa nzito, na kwa barabara mbaya inavutwa huku na huku.

Ndio nakwambia 6J na ofseti iwe karibu na ile yako, tofauti isipite milimita 5. Ukiwa na 6J na ET ile ile, kila upande unaongezeka kama milimita 6 tu, hio gari inabeba bila kujua.

Na kijana anasema ikigusa ndani anaweka spesa. Fikiria vizuri hio. Kama rimu imeshatoka nje milimita 29 alafu uongeze spesa, imetoka zaidi, sasa inagusa nje, ndio anakuja na kisu cha kukata plastiki. Ile plastiki ya ndani haikuwekwa kwa urembo, inazuia maji, matope na mawe kuingia kwa waya na kwa chuma, na huku kwetu kwa mvua hii bodi ikianza kuoza hapo kwa madigadi hutaigundua mpaka iwe imekula sana. Spesa nayo inakula urefu wa stadi, zile bolti za habu zinazoshika nati, nati inabaki imeshika nyuzi chache. Stadi za Demio ni M12x1.5, yaani zina unene wa milimita 12 na kila mzunguko nati inaingia milimita moja na nusu, kwa hivo nati ikae vizuri inafaa ishike angalau mizunguko 8 hivi. Hesabu kwa mkono ukiizungusha. Kama ni 4 ama 5 imekaza, hio gari usiweke mtoto ndani. Ukweli ni kwamba rimu inayohitaji spesa na kisu ili iingie, ni rimu ya gari ingine.

Matundu manane sasa. Rimu hizo zinatobolewa saizi mbili ili zishike gari nyingi, mara nyingi ni 4x100 na 4x114.3, yaani nati nne kwa duara ya milimita 100, ama nne kwa duara ya milimita 114.3. Demio yako ni 4x100, Vitz 4x100, Honda Fit 4x100, kwa hivo hapo kweli inaweza kuingia, lakini si "gari yoyote ya nati nne", kuna za 98 na za 108 na mtu akilazimisha nati zinakaa zimeinama. Kuingia kwa nati ni mwanzo tu. Katikati ya rimu kuna tundu linakaa kwa habu. Ya Demio ni milimita 54.1. Rimu za kununua nje huwa na tundu kubwa, 67 ama 73, ili ziuzike kwa gari nyingi, na hapo katikati unahitaji ringi za kujaza hio nafasi, za plastiki ngumu ama aluminiamu, ndogo tu na si ghali. Bila hizo rimu inaning'inia kwa nati pekee, haikai katikati kabisa, na ukifika 80 kuenda 100 stering inatetemeka. Nimeona watu wanafanya balansi tena na tena, wanabadilisha tairi, wanabadilisha mpaka boljointi, na kitu kinakosekana ni ringi nne. Uliza duka kabla hujalipa: ringi za 54.1 ziko? Kama muuzaji hajui unaongea nini, hapo umejua.

Kwa tairi zenyewe soma vitu viwili ubavuni. Kwanza nambari ya mzigo, ile inafuata saizi. 82 ni kilo 475 kwa tairi moja, 84 ni kilo 500. Yako ya kiwanda ni 82, kwa hivo usikubali chini ya hapo, na 185/60R15 nyingi ni 84, umeongeza hata, mama yako aweke viazi. Pili ni umri, kwa maandishi ya DOT angalia tarakimu nne za mwisho, 3422 ni wiki ya 34 ya mwaka 2022. Tairi ya zamani inaweza kuwa na meno mazuri kabisa na raba imeshakauka, haishiki lami ya maji. Saizi hio haitakusumbua kuipata, ndio zile za Sienta ya shepu ya 2015, na Sienta zimejaa barabarani.

Ukienda kuchukua rimu, na naelewa utachukua za kutumika, hakuna ubaya, usizinunue zikiwa zimevaa tairi. Ziondolewe tairi uzione ndani tupu, pitisha kidole kwa ule ukingo wa ndani, tafuta mahali pamechomelewa ama pamepakwa rangi peke yake. Mwambie aziweke kwa mashine ya balansi azizungushe wewe ukiangalia ukingo, ikicheza juu na chini imepinda. Rimu za Kijapani huwa na alama ya usalama ya JWL, na nyingi zina VIA pia, si dhamana kamili ju alama inaweza kuigwa, lakini kama hakuna chochote kimeandikwa, hata uzito inabeba, wacha. Rimu imechomelewa mimi siwekei mtu na familia, hata bei iwe nusu.

Sasa kuna kitu hukuuliza na ndio kinaniuma kwa barua yako. Unasema gari inagusa chini mkirudi. Sentimita moja ya tairi haitaponya hio Baba Tasha, na hata zile mbili na nusu za shemeji hazingeponya. Gari ya umri huo imekalia springi za kiwanda na labda shoki pia, springi zikichoka gari inakaa chini hata bila mtu, ukiweka watu watatu nyuma na buti inalala kabisa. Kabla ulipe rimu, ipeleke kwa fundi unamwamini aangalie springi na shoki za nyuma. Pima kutoka katikati ya rimu mpaka mdomo wa madigadi, kulia na kushoto, alafu mtafute mwenye Demio kama yako yenye haigusi upime hio pia. Ukipata yako imeshuka, mimi ningechukua sehemu ya hizo elfu 85 nibadilishe springi na shoki za nyuma kwanza, na rimu zikuje na zinazobaki. Kama zinazobaki hazitoshi rimu, bado kuna njia: 185/65R14 kwa hizo rimu zako za chuma, kimo 596, ukuta milimita 120, inaingia vizuri kwa 5½J, zipake rangi nyeusi safi na ununue vifuniko vipya. Haitakuwa ile ya kugeuka kuangalia, najua, lakini kwa mawe ya kwenu hio ndio ngumu kuliko zote nimekutajia.

Siku ya kufunga, gari ikiwa chini, kata stering yote kulia, yote kushoto, usikie. Alafu weka watu wazima watatu nyuma na kitu kizito kwa buti, zunguka mtaani upite bampu polepole, urudi uangalie kama kuna mahali raba imeng'aa ama plastiki imekwaruzwa. Fanya hivo kabla hujaondoka dukani ili kama inagusa irudi hapo hapo, na umwambie mapema kabla ya kulipa kwamba utajaribu hivo. Nati zikazwe kwa msalaba na spana ya toki, ile inapima nguvu ya kukaza, zile bunduki za upepo zinakaza kupita kiasi zinavuta stadi, na baada ya kama kilomita 50 mpaka 100 zikazwe tena kwa sababu rimu mpya inakaa. Presha fuata kibandiko kiko kwa nguzo ya mlango wa dereva, pima asubuhi kabla gari haijatembea, na siku ya kwenda Vihiga mkiwa mmejaa ongeza psi mbili ama tatu kwa za nyuma. Pigia watu wa bima uwaambie umeweka rimu, uulize kama zikiibiwa wanalipa, wengine wanataka iandikwe.

Na usimpatie duka rimu zako zote nne za zamani. Baki na moja, ile haijapinda, weka tairi nzuri juu, ndio iwe spea yako, itasaidia kuliko ile nyembamba ya kiwanda ambayo imeandikwa mwisho 80 kwa saa. Iko chini ya zile mpya kwa milimita 20, kwa hivo ukipata pancha ya mbele toa moja ya nyuma uipeleke mbele alafu spea ikae nyuma, tairi za mbele ndizo zinavuta na hazitaki kutofautiana. Kusanya nati nne za zamani pia ufunge kwa karatasi uweke kwa buti na hio spea, ju nati za rimu za aloi mara nyingi hazikai sawa kwa rimu ya chuma, na hutaki kugundua hio usiku hapo kwa mteremko wa Riat na watoto wamelala nyuma.